Fungua Kava: Niliyowaambia Wakata Miti wa Mafinga Kuhusu Dramu, Beringi na Pampu ya Oili

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wakata miti, wachana mbao na mafundi wa chensoo, ile misumeno ya injini, hapa Mafinga. Wengi mlikuwa porini siku ile na mmekuwa mkiniuliza. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, na spea nilizokuwa nazishika mkononi itabidi mzione kwa akili.

Kamwene!

Hapana. Hiyo ni kamwene ya watu ambao hawajanywa chai. Kamwene! Naam, hiyo sasa ni ya Mufindi.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, kina mama mlioacha mashamba yenu ya misindano mkaja kukaa na sisi wenye mikono ya oili, vijana wa chensoo, mafundi wenzangu, asanteni kwa kuja. Ukungu wa leo nimeuona, na najua wapo humu walioacha magogo yamelala Sao Hill yanasubiri gari. Nitazungumzia sehemu moja tu ya mashine, sehemu ambayo kiganja chako kinaifunika yote.

Kwanza naomba mikono. Nani amenoa cheni yake wiki hii? Mnaona? Karibu wote. Nani amekung'uta chujio la hewa? Imepungua, lakini ipo. Haya, nani mwezi huu amefungua kava la upande wa cheni, akatoa dramu ya klachi, akaishika ile beringi ndogo akaitazama? Mikono mitatu. Na mmoja wao ni fundi, yeye hufungua kwa sababu analipwa.

Sasa mimi nasema hivi, na atakayebisha tutamalizana gereji: mashine nyingi ninazoletewa nikiambiwa "fundi, injini imekufa" zilianza kuugua chini ya kava lile, miezi kabla ya injini. Cheni unainoa kwa sababu ikiwa butu unaona vumbi badala ya maranda. Chini ya kava huoni kitu. Hujui mpaka siku unaposikia harufu.

Ngoja niwapangie kilichomo, maana kuna vijana humu wameshika mashine miaka miwili na hawajawahi kuona. Krenki, yaani shafti inayozungushwa na injini, inatoka upande wa kulia. Juu yake imefungwa klachi, yaani viatu vya chuma vilivyoshikwa na spiringi. Viatu vinazungukwa na dramu, bakuli la chuma lenye meno yanayovuta cheni. Kati ya dramu na krenki ipo beringi ya sindano, kidude kama pete, ukikidondosha kwenye maranda utakitafuta mpaka jioni. Na nyuma ya vyote, karibu kabisa na injini, ipo gia ndogo yenye meno kama ya skrubu, na hiyo ndiyo inayoizungusha pampu ya oili. Dramu, beringi, pampu. Watatu hawa wanategemea krenki moja, wanakaa chumba kimoja. Mmoja akipata homa, wenzake hawalali.

Na inafanyaje kazi? Mashine ikinguruma taratibu, spiringi zinavishika viatu, dramu imesimama, cheni imesimama. Ukipiga resi, viatu vinarushwa nje na mzunguko, vinaibana dramu kwa ndani, cheni inakwenda. Na breki ya cheni ni ukanda wa chuma unaoizunguka dramu hiyohiyo kwa nje. Viatu ndani, ukanda nje. Dramu iko katikati kama mtoto wa wazazi wanaogombana, kila mmoja anavuta mkono wake.

Sasa nawauliza, na msikimbilie kujibu. Beringi ile ya sindano inafanya kazi wakati gani? Wakati unakata, au wakati hukati?

Nimesikia "wakati unakata." Nani mwingine? "Wakati unakata." Mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa, nadhani anajua.

Ukiwa unakata, viatu vimeibana dramu. Dramu na krenki vinazunguka pamoja kama kitu kimoja, na beringi iliyo katikati inabebwa tu, sindano zake hazibingiriki. Lakini mashine ikinguruma bila kukata, krenki inakimbia maelfu ya mizunguko kwa dakika, dramu imesimama, na anayevumilia tofauti hiyo ni nani? Ni beringi. Beringi inateseka wakati wewe umepumzika!

Nilikuwa na mteja, mkataji mzuri sana, mti wake unalala pale alipouonyesha kwa kidole. Lakini beringi hazikai kwake. Kila baada ya muda mfupi analeta mashine inalia kama panya, ukizungusha dramu kwa mkono inakwaruza. Nikadhani ni spea mbovu, nikambadilishia aina. Ikarudi. Nikadhani krenki ina mkwaruzo, nikaipima, iko laini. Siku moja nikamfuata porini nione anafanya nini. Ndugu zangu, yule bwana hazimi mashine. Anakata mti, anaiweka chini inanguruma, anakwenda kupatana bei na mwenye shamba. Inanguruma. Anavuta sigara. Inanguruma. Anapokea simu ya mkewe, na mkewe si mtu wa maneno machache. Inanguruma! Anaogopa kuvuta kamba tena, maana plagi yake ni mbovu. Plagi ya bei ndogo ilikuwa inamlia beringi na dramu. Nikambadilishia plagi. Beringi ya mwisho niliyomfungia bado ipo.

Kwa hiyo dawa yake ni nini? Zima mashine unapoongea. Halafu grisi. Kila unapofungua kava kusafisha sawasawa, toa dramu, chomoa beringi, ipanguse, pangusa krenki pale inapokaa, weka grisi ya kuvumilia joto, kiasi cha punje ya hindi. Nimesema punje, sikusema gunzi! Grisi ikizidi inatupwa nje mpaka kwenye viatu, klachi inateleza, inapata moto, moto unaiyeyusha grisi, na umerudi ulikoanza ukiwa huna beringi wala klachi. Na msioshe sehemu ile kwa kumwagia petroli kama nionavyo wengi mkifanya. Petroli inaondoa utomvu wa msindano, kweli, lakini inaondoa na grisi yote. Tumia brashi. Utomvu uliokauka ukwangue kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi.

Ukiitoa, itazame rangi. Chuma kilichogeuka bluu kimepata moto. Kama ni beringi, tupa. Kama ni bluu kwenye krenki, njoo tuongee, huenda sili ya krenki, ule mpira wa kuzuia hewa, nayo imeshaungua, na hapo injini inaanza kuvuta hewa ya wizi. Ndiyo maana nasema injini haikuanza kufa yenyewe.

Na joto hili kwa kawaida linatoka wapi? Kwenye breki. Mtu amewasha mashine breki ikiwa imefungwa, vizuri, ndivyo inavyotakiwa. Kisha anapiga resi bila kuifungua. Viatu vinasukuma, ukanda unakataa, na dramu inageuka jiko. Sekunde chache tu zinatosha kuanza madhara. Wapo wanaotumia ukanda huo kama kitu cha kujaribia nguvu za injini. Vijana, acheni.

Jambo la pili nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linalokula hela zenu. Dramu ipi inaingia kwenye mashine ipi?

Mnakwenda dukani mnasema "nipe dramu ya chensoo." Muuzaji anauliza, "ipi?" Mnasema, "ile ya rangi ya chungwa." Jamani! Ni kama kwenda duka la viatu ukasema nipe kiatu cha mtu mrefu.

Kijana mmoja, yuko humu, sitamtaja na yeye asijitaje, ana Stihl, MS 250. Meno ya dramu yamekwisha. Akapeleka dramu ya zamani dukani, duka moja la mjini, akapewa nyingine. Akailinganisha kwa macho: upana sawa, tundu la beringi sawa, kina sawa. Akaifunga. Ikaingia kama imezaliwa pale. Klipu ikafunga, ikazunguka laini, breki ikashika. Kila kitu kilikubali, isipokuwa cheni. Cheni ilikuwa inapanda juu ya meno na kushuka, inagonga, inaruka. Akadhani imelegea, akaikaza. Ikawa mbaya zaidi. Alipokuja kwangu, vile vijino vya chini vya cheni vinavyoingia kwenye dramu vilikuwa vimefura kama vidole vilivyobanwa na mlango. Dramu mpya, cheni mpya, vyote kapuni.

Kosa lilikuwa nini? MS 170 na 180, pamoja na 210, 230 na 250, dramu zao zinaweza kubadilishana kwenye krenki. Muuzaji hakudanganya aliposema "inaingia." Lakini ile aliyopewa ilikuwa ya meno 6 ya cheni nyembamba ya 3/8 P, iliyozoeleka kwenye 170 na 180. Yeye cheni yake ni ya .325 ya inchi, inayotaka dramu yake ya meno 7. Dramu inaoana na pande mbili, ndugu zangu. Kwa ndani inaoana na krenki, kwa nje inaoana na cheni. Kupata upande mmoja si kupata.

Utajuaje cheni yako ni ya kipimo gani? Huhitaji miwani ya daktari. Chukua rula. Pima kutoka ripiti ya kwanza, vile vipini vinavyounganisha cheni, hadi ya tatu, katikati hadi katikati, ugawanye kwa mbili. Ukipata kama milimita 8.25, ni .325. Ukipata 9.3 hivi, ni 3/8 au 3/8 P. Ukipata 10.26, ni .404, ile cheni nene ya mashine kubwa kama 070 za wachana mbao. Na kwenye cheni za Stihl, kuna tarakimu ndogo imegongwa kwenye kile kidole kilicho mbele ya jino: 2 ni .325, 3 ni 3/8, 4 ni .404, 6 ni 3/8 P. Na msisahau pua ya baa, yaani ncha ya ule upanga ambao cheni inauzunguka. Ile nyota ndogo ya mbele nayo ina kipimo chake. Cheni, dramu, pua ya baa, vyote vitatu lazima viseme lugha moja.

Sasa namba za spea. Hili liandikeni. Namba ya spea ya Stihl ina tarakimu 11, zimegawanywa nne, tatu, nne. Zile nne za mwanzo ni ukoo. 1119 ni ukoo wa 038, MS 380 na 381. 1121 ni 026 na MS 260. 1122 ni 064, 066, MS 660. 1123 ni 021, 023, 025, yaani MS 210, 230 na 250. 1128 ni 044 na 046, MS 440 na 460. 1130 ni 017 na 018, MS 170 na 180. 1106 ni babu yetu 070. Tatu za katikati zinakwambia ni kiungo gani: ukiona 640, uko kwenye pampu ya oili na dramu; ukiona 160, uko kwenye klachi. Kwa hiyo mtu akikupa kitu kinachoanza na 1128 akakwambia ni cha MS 381, una haki ya kukunja uso.

Kukunja uso, sikusema kugombana! Kwa sababu koo zinaazimana. Mashine ya MS 180 ni ukoo wa 1130, lakini pampu yake ya oili unaweza kuikuta na namba ya 1123. Si feki. Pampu ilizaliwa kwa 025, ikaolewa kwa 018. Namba inakwambia kitu kilizaliwa wapi, haikwambii kinaishi wapi siku hizi. Na namba zinazoanza na 9 ni vitu vya wote: bolti, klipu, beringi nyingi za sindano. Hapo ndipo unaweza kuokoa hela, kwa sababu beringi ya namba ileile unaweza kuipata kwa mwenye mashine tofauti kabisa na yako.

Wenye Husqvarna mnanitazama. Kwenu hesabu hii haifanyi kazi. Namba zenu zinaanza na 501, 503, 537 na kadhalika, na tarakimu hizo hazitaji mashine. Ninyi mnahitaji kitabu cha spea cha mashine husika, au mnijie na mashine yenyewe.

Na wenye zile za Kichina, 4500, 5200, 5800? Ninyi ndio wengi humu, msione haya, mashine hizi zimejenga nyumba. Zote zilitokana na umbo moja la Zenoah la Kijapani, ndiyo maana dramu na klachi vinaazimana sana. Lakini kila kiwanda kinashona suruali yake. Nimeshika pampu mbili za 5200 zinazofanana kama mapacha, ila tundu la kutolea oili limekaa pembeni kidogo kwa moja. Ukifunga, inatoa oili, lakini inaitoa ndani ya kava badala ya kwenye baa. Kwa mashine hizi sina namba ya kuwapa. Kipimo chenu ni kwenda na kile cha zamani, na kipimo cha vernier mfukoni. Pima tundu la beringi, upana wa dramu kwa ndani, kimo chake, hesabu meno. Ya nne hiyo, hesabu meno! Na usilipe kabla hujaitia beringi ndani ya dramu palepale kaunta, ukaona haichezi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Sisemi msinunue rahisi, nami nafunga rahisi kila siku. Nasema pimeni rahisi yenu.

Na kubadilisha lini? Angalia alama cheni ilizochimba kwenye meno. Zikifika nusu milimita, imetosha. Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema cheni mbili kwa dramu moja, na ndivyo vitabu vinavyosema. Cheni mpya kwenye meno yaliyochakaa inaharibika siku ya kwanza. Bakuli lenyewe nalo linaliwa kwa ndani na viatu. Likibaki chini ya asilimia 80 ya unene wake wa mwanzo, liache. Na ukibadilisha dramu, badilisha na beringi. Usiniambie ya zamani bado nzima. Bei ya beringi ni ndogo kuliko nauli ya kurudi mjini. Spiringi za klachi vilevile, ikikatika moja, badilisha zote.

Spiringi hizi nisizipite hivihivi. Mashine ikinguruma tu na cheni inatembea, kuna mawili. Ama mngurumo umewekwa juu mno, ama spiringi imelegea au imekatika. Nimeona paja la mtu aliyekuwa anahama kutoka mti mmoja kwenda mwingine na mashine ya namna hiyo, bila hata kuikata resi. Sitaeleza zaidi, kuna watoto humu. Cheni ikitembea wakati hujaigusa, mashine hiyo haiendi porini.

Kabla sijaingia kwenye pampu, hapa katikati kuna kisa changu mwenyewe cha aibu. Mashine nyingi za Stihl, dramu iko nje, unatoa klipu inatoka. Lakini kufikia pampu lazima uitoe klachi yenyewe. Na zile 5200, klachi iko nje, dramu nyuma yake, kwa hiyo hata kubadilisha dramu lazima klachi itoke. Nikiwa mwanafunzi, mwalimu wangu amekwenda sokoni, nikataka kumshangaza. Nikaweka patasi, nikapiga nyundo kuelekea kushoto, kama kila nati duniani. Haikutoka. Nikapiga zaidi. Haikutoka. Nikachomeka bisibisi kwenye tundu la plagi kuizuia pistoni. Nikapiga kwa nguvu zote, na kitu kikatoka kweli: kipande cha pistoni.

Klachi ya chensoo inafunguliwa kwa kwenda kulia, kama mshale wa saa. Kwa nini? Ukiitazama kutoka upande ule, krenki inazunguka kulia, mzigo wa cheni unaivuta klachi kushoto. Ingekuwa nyuzi za kawaida, ingejifungua porini. Wamezigeuza ili kazi yenyewe iikaze. Na ya kuizuia pistoni ni kamba, si chuma. Toa plagi, vuta polepole mpaka pistoni iwe imepanda na kuziba tundu la ekzosi, tumbukiza kamba safi, acha mkia mrefu nje, kisha fungua. Ukiitumbukiza kabla tundu halijazibwa, kamba itaingia ekzosi na pistoni itaikata. Mwalimu wangu hakunipiga. Alinipa kile kipande cha pistoni, akasema kaa nacho mfukoni. Nilikaa nacho miaka.

Haya, pampu. Mtu anakuja: "Fundi, pampu imekufa, haitoi oili." Namuuliza, umejuaje kuwa ni pampu? "Kwa sababu haitoi oili." Je, bomba la nyumbani lisipotoa maji, unabadilisha bomba? Si unaangalia kwanza kama tangi lina maji?

Pampu za mashine hizi ni kitu rahisi na kigumu kufa. Ni kijiti cha chuma kinachozunguka ndani ya tundu, na mkato wa mshazari unakifanya kiende mbele na nyuma, kinavuta, kinasukuma. Kabla ya kuilaumu, fuata njia ya oili kutoka mwisho. Tundu la oili kwenye baa limezibwa na maranda na utomvu? Mara nyingi ndiyo, na kazi imeisha hapo, bure. Chujio ndani ya tangi? Mpira wa kuvutia umepasuka au umelegea? Pumulio la tangi? Hili watu hawalijui. Tangi likitoa oili lazima liingize hewa; pumulio likiziba, oili inagoma. Ujanja wangu ni huu: legeza kifuniko cha tangi kidogo, washa. Ikitoa oili, mgonjwa ni pumulio. Na asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu, oili nzito inakuwa kama asali. Ipe dakika, iweke tangi juani, usifungue mashine.

Na gia? Hapo ndipo kwenye hadithi. Kwenye Stihl nyingi, ile gia ndogo ya pampu ina waya uliochomoza, mimi nauita sharubu ya kambale. Sharubu hiyo inakaa kwenye kipengo kilichokatwa kwenye ukingo wa dramu. Dramu ikizunguka inaivuta sharubu, sharubu inazungusha gia, gia inazungusha pampu. Cheni ikisimama, oili inasimama. Akili hiyo! Ila sasa, unaporudisha dramu usipoilenga sharubu kwenye kipengo, dramu inakaa juu yake. Inaonekana imeingia. Klipu inakuwa ngumu kidogo. Unalazimisha. Sharubu inapinda.

Mama mmoja mwenye shamba la miti, mjane, alikodi wakataji, mashine ni yake. Akaniletea analia: pampu mpya ya tatu, na oili haitoki. Ya tatu! Pampu zote tatu zilikuwa nzima. Kila fundi aliyezifunga alipinda sharubu. Niliweka gia mpya, kitu kidogo cha bei ndogo, nikamfundisha yeye mwenyewe. Ukiirudisha dramu, isukume huku ukiizungusha taratibu, utaisikia inadumbukia. Ikidumbukia, klipu inaingia bila vita. Klipu ikikupiga vita, toa dramu, anza tena. Siku hizi wakataji wake hawaigusi sehemu ile bila yeye kusimama pembeni.

Na gia hizo nyingi ni za plastiki. Unakumbuka joto la breki? Joto likitoka kwenye dramu linamfikia nani? Gia inayeyuka, pampu inasimama, cheni inakauka, cheni kavu inazidisha joto. Niliwaambia wanalala chumba kimoja.

Oili ipi? Najua mnachotumia. Oili chafu ya magari. Siwalaumu, ni ya bure au karibu na bure. Lakini ile ina vumbi la chuma la injini ya watu, na vumbi hilo unalipitisha kwenye kijiti na tundu vilivyochongwa kukaribiana sana. Pampu inalika, inabaki kuzunguka bila kusukuma. Halafu inaruka kwenye mikono na nguo zenu siku nzima, na watengenezaji wenyewe wanaonya kuwa kugusana nayo mara kwa mara kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Kama oili ya cheni iko mbali na mfuko, tumia oili mpya ya injini, ya bei ya chini kabisa. Wapo mnaotia mafuta ya alizeti. Yanalainisha vizuri, sikatai, ila mashine ikilala wiki nayo yanaganda kama gundi. Ukiyatumia, kabla ya kuiweka mashine ipitishie oili ya kawaida.

Kupima ni rahisi. Elekeza pua ya baa kwenye kisiki cheupe kilichokatwa leo, acha nafasi ya shubiri moja, piga resi. Mstari wa matone ukionekana, pampu iko kazini. Na matangi yakijazwa yote mawili, petroli ikiisha, oili inatakiwa iwe imebaki kidogo tu. Ikibaki nusu, cheni yako imekata miti ikiwa na kiu. Mashine nyingine zina skrubu chini ya kuongeza na kupunguza, baa ndefu ongeza. MS 170 na 180 hazina, msiitafute mkachokonoa kitu kingine.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona. Maswali tutayajibu hapa mezani, mikono ikiwa kazini. Kijana wa koti la bluu, wewe mwenye 5200 uliyesema inalia. Ilete. Vuta benchi karibu, wazee mbele, mrefu akae nyuma. Plagi itoke kwanza. Na nani ana kamba?